Wingu Jeupe la Upande wa Milima

Kabla hakujapambazuka nilisikia mfuniko wa sufuria ukigonga jikoni: ti, ti, ti. Nikadhani ni panya. Kumbe ni upepo uliopita chini ya mlango, wa vuguvugu kama pumzi ya mgonjwa wa homa. Nikauwekea mfuniko jiwe, nikawasha jiko, lakini moyo haukutulia.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Tunamwita Pilipili kwa sababu ya mdomo wake. Kila asubuhi kabla ya shule husimama mlangoni anisomee mawingu. Nilimfundisha mwenyewe, kwa pamba niliyoibandika kwenye boksi la sabuni nililolitundika ukutani. Pamba nyembamba kama manyoya ya kuku: kesho au keshokutwa hali itabadilika. Pamba iliyotandazwa kama blanketi: manyunyu ya kutwa. Vidonge vidogo vyeupe: jua, anika nguo. Na bonge lile nililolipaka masizi ya sufuria: mvua kubwa, kaa ndani. Nyeupe salama, nyeusi hatari. Ndivyo nilivyomwambia.

"Haya mwalimu, leo kuna nini?"

Akashika kiuno. "Pamba moja tu, Bibi, kule milimani. Nyeupe pee! Imevimba kama shavu lako siku ile ya jino."

"Nitakufinya wewe!"

"Basi ni salama. Naenda."

Nikatazama. Wingu lilisimama wima mbali sana, linang'aa, na juu limekuwa bapa kama fuawe ya mfua vyuma. Hapa kwetu anga ilikuwa safi. Nikamwacha aende.

Njia ya shule inakata mto mkavu. Humo hufanya kazi mchimba mchanga, kijana wa watu, asiye na ndugu mjini. Kila asubuhi huacha koleo lake, akamshika Pilipili mkono mpaka ng'ambo. Hajawahi kuniomba hata maji.

Nilikuwa nafagia nilipoliona lile boksi ukutani. Macho yangu yakatua kwenye yale masizi. Ule weusi ni tumbo la wingu, na tumbo huliona aliye chini yake. Sisi tulikuwa mbali, tukaonyeshwa kichwa. Wingu ni lilelile. Na maji ya milimani yana njia moja tu ya kuteremkia.

Nikatupa ufagio. Miguu yangu hii ya kuvimba ilikimbia, sijui vipi. Hapakuwa na tone la mvua, wala ndege aliyelia. Kisha nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto, na lori halikuwepo.

Nilipofika, mto ulikuwa umejaa maji ya kahawia yanayobingirisha magogo. Pilipili alikuwa juu ya ukingo, amelowa, kiatu kimoja. Chini yake mchimba mchanga alikuwa ameng'ang'ania mizizi. Wapita njia walimvuta. Mguu wake ulikuwa umeelekea kusikoelekea mguu.

"Bibi," mtoto alisema, "alisikia ngurumo, akataka kutoka. Mimi nikamwambia wingu ni jeupe, achimbe tu. Akaniamini. Maji yalipokuja akanirusha juu."

Siku ya tatu tulikwenda kumwona hospitali. Mguu umening'inizwa, kitanda kimeelekea ukuta, dirisha liko nyuma ya kichwa chake. Nilimwambia ukweli mbele ya mtoto: kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepaka masizi, nisimwambie kuwa wingu lilelile kwa mbali ni jeupe, juu bapa.

Akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Mama, nimefelishwa na darasa la kwanza!"

"Darasa la pili," Pilipili akamsahihisha, macho chini.

Nilimlisha uji, naye akaulizia kiatu cha mtoto kilichopotea. Kiatu! Mtu mwenye mguu uliovunjika. Kisha akageuza sikio upande wa dirisha.

"Mwalimu, hebu nitazamie nje. Tangu asubuhi nasikia vyuma vya dirisha vinagonga. Wenzangu wawili wameanza kazi mtoni leo."

Pilipili akapanda kwenye kiti. Alitazama muda mrefu, hakushika kiuno.

"Ni jeupe," alisema polepole. "Lakini juu ni bapa."

Mchimba mchanga akanishika mkono. "Kimbieni mkawaambie watoke. Na kesho, Mama, tafadhali mje tena, wewe na yeye. Mimi hapa naona ukuta tu."