Nyekundu ya Mzee Kuwahara

...basi hii moja tu, ikishapita hii anainuka, saa nane kasoro kumi, chekechea yenyewe iko hapo ng'ambo ya barabara, mjukuu wake Honoka hatamngoja sana, na mashine za pachinko, kamari ya gololi, zinapiga kelele hadi meno yanauma, gololi zinaruka, kioo kinaonyesha bluu, bluu si kitu, bluu unaipuuza, kijani unakaa vizuri kitini, lakini nyekundu, dalili ya ushindi... lo, na hapo hapo ikageuka, nyekundu tupu, moyo ukamruka, mkono wa kulia ukakaza kishikio, "Mzee Kuwahara, nyekundu hiyo! Ukiinuka sasa utakuwa mwehu," Bi Nobue wa kiti cha pili huyo na kopo lake la kahawa, nyekundu ngapi zimemtoa mikono mitupu wiki hii, kumi, ishirini, hazikumbuki, anaikumbuka ile moja tu iliyojaza masanduku manne ya gololi, na nani kamfundisha kuipenda nyekundu, yeye, dereva wa treni miaka thelathini na nne, glavu nyeupe, kidole mbele kwenye taa ya reli, sauti juu, nyekundu, simama!, na treni inasimama, hakuna abiria aliyewahi kuumia, ila jana... hapana, asiifikirie jana... jana pale kwenye kivuko cha chekechea taa ikawa nyekundu na moyo ukamruka vilevile, kwa furaha, aibu gani hii, furaha!, mguu ukashuka barabarani na mkono wa Honoka umo mkononi mwake, "Babu, nyekundu! Babu!" akamvuta kwa nguvu zake zote, lori likapita upepo ukawapiga usoni, kisha yeye mtu mzima akasema, "Usimwambie mama," mtoto wa miaka mitano akaitika, na leo asubuhi Sayuri, "Baba, saa nane kamili, asibaki peke yake getini," binti yake anamwamini, bado anamwamini, na kivuko ni kilekile... "Mbona unazubaa, mzee? Zungusha!"... kioo kizima kinawaka, na mkono wa kulia ukaachia kishikio, gololi zikakoma, kidole kikanyooka mbele ya kioo na sauti ikamtoka ambayo hajaisikia tangu astaafu, nyekundu, simama, "Unaongea na nani wewe?", naye akarudia, polepole, kama anayejifunza leo, nyekundu, simama, leo Honoka ndiye atakayemvusha yeye, na Sayuri ataambiwa yote, hata akimnyima mtoto, ataambiwa, anainuka kitini, kioo bado chekundu, na moyo, mjinga yule, bado unaruka.