Chiriku Hakufaa Kuwa Chiriku

Mshonaji wa jumba la maonyesho alikuwa amepiga magoti, akimpunguzia mwigizaji pindo la gauni jekundu, dada yake marehemu alipoingia kwa mlango wa wafanyakazi. Alijifuta miguu, akauliza nani anamwigiza.

"Ni huyu hapa," mshonaji alisema. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umenenepa."

Dada mtu alikuwa mwimbaji. Alitoa kanda moja tu, na mashabiki wake, wachache lakini wa kufa na kuzikana, walimwita Chiriku kwa ile sauti yake nyembamba. Hawakujua kwamba mumewe aliiongezea kanda kasi studioni ili mkewe asikike kama kigoli. Sasa mume huyohuyo alikuwa ameandika tamthilia ya maisha yake, na kuiongoza akaiongoza mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa ndani ya shuka kabisa.

Marehemu hakuja kudai sauti. Alichojia ni onyesho la tatu, ambapo Chiriku, chupa mkononi, anamwacha mwanawe mwenye homa afe peke yake. Kweli ilikuwa nyingine. Mumewe aliwafungia ndani yeye na mtoto, akaondoka na ufunguo. Mama alipiga kelele dirishani mpaka sauti ikamkauka. Mdogo wake, huyu mshonaji, ndiye aliyekuja kuvunja kufuli, na alikuta mtoto ameshakata roho.

"Ondoa lile onyesho," marehemu alimwambia mumewe.

"Tiketi zimeshauzwa, mke wangu," alijibu, akiendelea kusahihisha maandishi. "Ukitaka nafasi, jaribiwa kama wenzako."

Akajaribiwa. Aliimba wimbo wake mwenyewe mbele ya mashabiki walioalikwa kusaidia kuchagua. Walisikiliza kwa adabu, wakanong'onezana.

"Sauti nzito mno, mama," mwenyekiti wao alisema kwa upole. "Chiriku hakuwa hivyo. Sisi tunamjua."

Marehemu akamgeukia mdogo wake. "Haya, sauti tuiache. Wewe waambie ule mlango aliufunga nani."

Shemeji ndiye aliyempa mshonaji kazi, na chumba anacholala mshonaji nyuma ya jukwaa ni cha shemeji huyo. Mshonaji alizitazama nyuzi zake. Aliona aibu, aibu kubwa ya kumchoma usoni.

"Mimi mambo yangu ni nguo tu," alisema.

Siku ya uzinduzi watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Marehemu alipewa kiti nyuma ya nguzo, bure, kwa kuwa ni mtu wa familia. Chupa ilitokea jukwaani. "Mama gani huyu!" mtu alifoka, na wengine wakalia. Marehemu akasimama aseme. Wa nyuma yake wakamwomba akae, anawaziba. Akakaa.

Tangu hapo huja kila tamthilia inapochezwa. Mlinzi humfungulia na kumwuliza habari za huko, naye husema ni nzuri. Jioni moja, watu walipokwisha kutoka, mshonaji alimkuta bado kitini, anapiga makofi.

"Dada, unashangilia uongo?"

"Kuna mahali pamoja wamesema kweli," marehemu alisema, akijitengeneza mtandio. "Wameandika kwamba sikuwa na ndugu."