Chungu cha Machibya Hakifunuliwi

Jumamosi ile Machibya aliamka kabla ya majogoo, akavaa aproni ya marehemu mkewe yenye maua ya waridi, akapanga kwato za ng'ombe ndani ya chungu cha umeme. Akatia vitunguu, nyanya, tangawizi, maji na kijiko kimoja cha chumvi. Akafunika, akawasha, kisha akasimama mbele ya chungu mikono nyuma kama dereva anayesubiri trafiki amrudishie leseni. Mtu huyu alikuwa ameendesha basi la Mwanza hadi Bukoba kwa miaka ishirini na saba bila kutetereka. Sasa makongoro yalikuwa yanamtoa jasho.

Sababu ilikuwa dada yake, Paskazia, aliyekuwa anavuka maji kutoka Sengerema siku hiyohiyo. Tangu Evelina, mkewe, afariki, miaka miwili iliyopita, Paskazia alikuwa akisema mwanaume hawezi kuishi peke yake, ataoza kama embe lililosahaulika kapuni. Kule kwake alishamwandalia chumba. Jumatano alipiga simu.

"Nakuja Jumamosi kula kwako," alisema. "Nikikuta chakula cha kueleweka, nitakula, nitashukuru, nitarudi zangu. Nikikuta chai na mkate, ufungashe nguo."

Katika ukoo wao neno la Paskazia halikatiwi rufaa. Ndiye aliyemlea Machibya mgongoni, na mpaka leo humwambia afute pua.

Machibya hakutaka kuhama. Nyumba ile ya Buhongwa waliijenga yeye na Evelina, yeye akibeba tofali, Evelina akimwambia limekaa upande. Kuiacha aliona ni sawa na kumzika mkewe mara ya pili, na mara ya kwanza ilikuwa nusura imuue. Lakini hayo hakumwambia mtu. Alichofanya ni kujifunza kupika, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Chungu kilitoka kwa binti yake Gladness, anayefanya kazi Dodoma. Kilikuja na mfuniko wa kioo na sheria moja, ambayo Gladness aliirudia kwenye simu hadi salio likaisha.

"Baba, usifunue. Hiki kinapika polepole. Kila ukifunua joto linatoka, unapoteza nusu saa."

Machibya alielewa mara moja. Ni kama abiria anayeomba kushuka kuchimba dawa kichakani. Anashuka mmoja, basi zima linachelewa. Akahesabu: kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kwato zingeiva saa nane mchana. Hakuna kituo njiani.

Shida ni kwamba mtaani kwao watu husoma moshi. Moshi wa asubuhi ni chai, moshi wa saa nne ni maharage, na nyumba inayotarajia mgeni mkubwa lazima ifuke tangu mapema, la sivyo mgeni anadharauliwa. Mtaa mzima ulijua Paskazia anakuja. Kufika saa tatu, mtaa mzima ulikuwa unatazama paa la Machibya, na paa halikutoa hata kiuzi cha moshi.

Yeye hakuwa na habari. Alikuwa anatwanga pilipili mbuzi na kitunguu saumu kwenye kinu, atengeneze sosi yake ya ukwaju, ile ambayo alitaka dada yake aionje na kunyamaza. Katikati ya kutwanga jicho likamwasha. Akalifikicha. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Machibya angeweza kuwajibu kwa kirefu. Alitoka mbio hadi bombani uani, akiita mama yake aliyefariki mwaka themanini na mbili.

Hapo ndipo Modesta, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuazima chekecheke asilolihitaji, alipomkuta ameinama, maji yanamtiririka, mabega yanatikisika.

"Baba Gladness, pole jamani. Usilie. Mungu yupo."

"Silii. Ni pilipili."

"Ndiyo, ni pilipili," alisema Modesta kwa upole wa msibani, akaingia jikoni. Machibya, macho yamefumbwa, akasikia mlio wa kioo. Ngl'. Mfuniko umeinuliwa. Akasikia tena ukirudishwa, taratibu mno.

Alitaka kufoka. Lakini Modesta ndiye aliyemletea ugali na dagaa kila jioni mwaka ule wa kwanza wa msiba. Unamwambiaje mwanamke aliyekulisha mwaka mzima kwamba asiguse mfuniko wako? Machibya akameza hasira pamoja na maji ya bomba, akasogeza hesabu: saa nane na nusu.

Modesta alitoka bila chekecheke, akaupasha mtaa habari. Mzee wa watu analia jikoni, jiko la mkaa limepoa, na kwenye kidude cha umeme kuna kwato zinaogelea hata hazichemki.

Robo saa baadaye alifika Mashimba, aliyekuwa kondakta wake zamani. Yeye hakutafuta kisingizio.

"Dereva, nimekuja tu kukaa na wewe."

Machibya akamwacha jikoni, akaingia ndani kumtolea kigoda. Ngl'. Hesabu ikasogea hadi saa tisa. Kisha akaja Sihaba, muuza vitumbua, na sahani ya vitumbua kwa ajili ya mgeni. Machibya akaenda kuhamishia vitumbua kwenye bakuli, maana sahani ya mtu lazima irudi. Ngl'. Saa tisa na nusu. Sasa alitamani kukikalia chungu chenyewe, angalau kingepata joto la kutosha.

Paskazia aliingia saa sita na nusu, kanga mbili, kikapu kimoja na sauti ya kutosha uwanja wa mpira.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hiyo aproni ya nani? Jiko liko wapi?"

Hakukaa sebuleni. Alikwenda jikoni, akaweka kiganja juu ya jiko la mkaa kama anayempima mtoto homa.

"Baridi," alisema. Kisha akauona mfuniko wa kioo, akanyoosha mkono.

"Dada, usifunue!"

Machibya hakuwahi kumpigia kelele Paskazia tangu azaliwe. Hata yeye mwenyewe aligeuka kutazama nani kasema.

"Kalete kikapu changu mlangoni," alisema Paskazia polepole, "kabla sijasahau kwamba wewe ni mzee."

Akaenda. Ngl'. Saa kumi.

Saa kumi kamili ndipo kwato zilipoiva, na wakati huo njaa ilikuwa imeshawakusanya wote. Modesta, Mashimba na Sihaba walisema wamekuja kumsalimia mgeni tu, lakini walinawa mikono. Machibya akasonga ugali mwenyewe, akapakua makongoro, akaweka sosi yake ya ukwaju katikati ya meza. Nyama ilikuwa inaachia mfupa kwa kutazamwa tu. Wakaomba, wakamega.

Mashimba alikuwa wa kwanza kuacha kutafuna. Modesta alifumba macho. Sihaba alisema, "Maashaallah," kwa sauti nyembamba, akashika glasi ya maji kwa mikono miwili. Machibya akaonja. Ulimi wake ukajikunja wenyewe, ukataka kutoka nje. Alichovya kwenye sosi ili apate nafuu. Sasa akawa na chumvi inayowaka moto.

"Nani ametia chumvi humu?" aliuliza Paskazia.

"Mimi. Kijiko kimoja, dada."

"Kijiko au chepeo?"

Kijiko alikikumbuka vizuri, lakini ulimi haudanganyi. Labda alitia mara mbili, labda tatu. Labda kweli uzee umeingia, na dada alikuwa sahihi tangu mwanzo. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kiti.

"Begi liko juu ya kabati," alisema. "Nipe dakika kumi."

"Baba Gladness, kaa!" Modesta alilipuka. "Ni mimi! Nilitia kiganja kimoja. Nilijua wanaume husahau chumvi, nikasema nisikuaibishe."

Paskazia akamgeukia. Mashimba akajikuna kichwa.

"Na mimi, mama. Viganja viwili. Si unajua mikono yangu."

"Kidogo tu mimi," alisema Sihaba, akitazama sakafu. "Kile kikombe kidogo cha kahawa. Hakikujaa sana."

Wakamtazama Paskazia, wakisubiri hukumu. Paskazia alikohoa, akafunga upya kanga yake ambayo haikuwa imefunguka.

"Nilipokutuma kikapu," alimwambia mdogo wake. "Baba yetu naye alipika mara moja tu, akasahau chumvi."

"Hamkuonja kwanza?" aliuliza Machibya.

"Nani anaonja nyama mbichi?" walijibu wote wanne kwa pamoja.

Mashimba ndiye aliyeanza kucheka, halafu Sihaba, kisha wote, mpaka Modesta akalala juu ya meza. Paskazia hakucheka. Alimega tonge kubwa la ugali, akaligusisha kwenye mchuzi kwa ncha tu, akatafuna huku anawatazama mmoja mmoja, wenye midomo mikavu na macho mekundu.

"Rudisha aproni yako mwilini," alisema mwishowe. "Nilikuja kukuchukua kwa sababu nilidhani huna mtu. Kule kwangu niko mimi na mbuzi. Chakula chako kikikosa chumvi Sengerema, ni nani mwingine atakuja kunyata jikoni?"

Machibya alifungua mdomo amshukuru, lakini ulikuwa umekauka kwa chumvi. Akanyoosha mkono kuomba jagi la maji. Jagi lilikuwa kwa Mashimba, na Mashimba alikuwa analiinamisha mdomoni, akitafuta tone la mwisho.