Mshororo wa Mizani Saba

Watoto arobaini wa Gredi ya Pili walinikodolea macho. Nyuma yao wazazi walibanana kwenye madawati madogo, magoti yakikaribia videvu. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika kidogo. Ilikuwa siku ya familia katika shule yao ya Mtopanga: kila nyumba ionyeshe inachokijua, kisha tutoke tukapande kunde pamoja na watoto.

Bonface, fundi wa baiskeli na baba wa mtoto mmojawapo, alikwisha kuziba pancha akashangiliwa. Zamu ikawa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najiona malenga. Utungaji nilijifunza peke yangu, na sikumruhusu mtu anikosoe.

Ila sikwenda kutafuta makofi tu. Mpwa wangu Safa hakuwa ametamka neno darasani tangu Januari, mama yake, dada yangu Salme, alipokwenda kufanya kazi Saudia.

"Nyumbani hanyamazi," nilimwambia Mwalimu Mwende wiki iliyotangulia. "Mimi mwenyewe hunishinda kwa maneno."

"Wengi huniambia hivyo, kaka yangu," alijibu kwa upole. "Akimaliza muhula hivi, itabidi tumtafutie shule ya watoto wasiosema."

Nilitoka pale na hasira, na chini ya hasira ilikuwa hofu.

Sasa Safa alikaa safu ya mbele, macho sakafuni. Nikapaza sauti:

*Vuli imemwaga maji,*
*Imefurahisha mji,*
*Si haba tulohitaji,*
*Kunde zajaa shamba.*

Mshororo wa mwisho nilikuwa nimeubadilisha pale langoni, nikaliamini sikio langu bila kuhesabu mizani. Makofi yakaanza.

"Saba."

Sauti ilikuwa ndogo. Mwalimu Mwende akainua kiganja, makofi yakakatika.

"Mjomba, huo una saba," Safa akasema. "Na mwenyewe wasema lazima nane."

Ulimi ukanitangulia. "Nane," nikasema.

"Haya, hesabu." Akanyanyua vidole. "Ku-nde-za-ja-a-sha-mba."

Darasa zima likahesabu naye, likakwama kwenye kidole cha saba.

"Malenga amefeli Gredi ya Pili," Bonface akasema, na wazazi wakacheka hadi madawati yakalia.

Siku nyingine ningetoka nimenuna mpaka Ijumaa. Siku ile nilihisi kifua kinafunguka, kama mtu aliyetua gunia begani.

"Nimekosa," nikasema. "Nitengenezee basi."

"Tengeneza mwenyewe. Mimi nataka kupanda."

Nje, udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Safa alichuchumaa karibu na mwanawe Bonface.

"Shimo lako jembamba, fukua tena. Si hivyo. Mbegu mbili, si konzi. Wewe kwenu hamlimi?"

Mwalimu Mwende alisimama kando yangu, viatu vyake vimezama matopeni.

"Safa, kelele," akasema kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

"Abee, mwalimu," Safa akaitika, akaendelea kuongea.