Nani Ameila Boliti Hii?

Mzee Patrobas Shiundu alilala chali chini ya pikipiki na kupitisha kidole gumba juu ya boliti ya kutolea oili. Pale kidole kilipotarajia kukutana na pembe sita, kilikuta uviringo laini kama kokwa ya zambarau iliyonyonywa. Akatoka chini huko akiwa amefura.

"Nani ameila boliti hii?"

Nyongesa, mwenye pikipiki, alitazama pembeni. Alikuwa tarishi wa mawakili fulani karibu na mahakama za Makadara, na kutwa alizunguka mitaa ya Eastlands akipeleka barua ambazo hakuna aliyefurahi kuzipokea. Siku hiyo alikuwa na mfuko wa barua begani, na ilimpasa afike Dandora kabla ya saa tisa. Lakini oili ya pikipiki ilikuwa imezeeka, injini inachemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na oili yenyewe haikuweza kumwagwa kwa kuwa boliti haikushikika.

"Nakuuliza wewe! Mtu anachukua spana isiyotosha, anazungusha kwa nguvu za fahali, pembe zinakwisha, kisha anapaka grisi kuficha aibu yake. Huyo si fundi. Huyo ni mwizi anayeiba bila kubeba kitu!"

Patrobas alimaanisha kila neno. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametengeneza pikipiki katika karakana moja ya Industrial Area, mpaka mwaka wa tisini na tatu yeye na wenzake walipopunguzwa kazi, akajenga kibanda cha mabati kando ya Jogoo Road. Wengine humpima mtu kwa viatu vyake au kwa sala zake. Yeye alimpima kwa boliti alizozifunga. Boliti iliyolika, kwake, ilikuwa uongo uliosemwa kwa chuma.

"Nitajie jina lake," alisema. "Nitamwendea mimi mwenyewe."

Nyongesa alihamisha mfuko kutoka bega moja hadi jingine. "Mzee, pikipiki hii haijawahi kuguswa na mkono mwingine."

"Una maana gani?"

"Mara ya mwisho oili ilibadilishwa hapa hapa, Jumamosi kabla ya Pasaka. Ni wewe, mzee."

Patrobas alihisi kama amepigwa kofi kanisani, mbele ya waumini wote. Akakitupa kitambaa alichokuwa amekishika. "Unanitukana ndani ya kibanda changu?"

"Sikutukani. Asubuhi nilianzia kwa Kyalo, ng'ambo ya barabara. Aliitazama tu, akasema niirudishe kwako."

"Kyalo!" Jina hilo lilitoka kinywani mwa mzee kama kipande cha mfupa. Kyalo alikuwa amejifunza kazi mikononi mwake kwa miaka saba. Hakujua hata kushika nyundo alipofika. Leo alikuwa na karakana ya mawe, mashine ya kuchomelea, na ujasiri wa kumsengenya mwalimu wake kwa wateja. "Lete tindo hiyo hapo. Nitakuonyesha wewe na huyo Kyalo wako!"

Alilala tena chini ya pikipiki. Boliti kama ile haibembelezwi kwa spana. Huwekewa ncha ya tindo ubavuni na kugongwa ili izunguke kinyume. Alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi huku akizungumza mambo mengine. Pigo la kwanza likateleza, tindo ikakwaruza tumbo la injini, nusura ilitoboe. Pigo la pili halikugusa chochote. La tatu likatua juu ya mkono wake mwenyewe.

Alibaki amelala, damu ikimtiririka hadi kifundoni, akiitazama ile ncha ya tindo. Ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka usoni pake, mchana kweupe, na hakuiona. Aliona ukungu wenye umbo la tindo. Miezi mingi alikuwa ameulaumu moshi wa magari. Alilaumu vumbi, akalaumu spana za siku hizi zenye namba hafifu, akamlaumu mkewe Millicent kwa kuwasha taa yenye mwanga mdogo. Sasa alitafuta kitu kingine cha kulaumu, asikipate.

"Mzee, umeumia?" Nyongesa aliuliza.

"Sukuma pikipiki," alisema Patrobas. "Tunavuka."

Kyalo aliwaona wakija, akaacha alichokuwa akifanya. "Karibu, fundi," alisema. Patrobas alisimama mlangoni huku mkono umefungwa kitambaa, amevimba kama aliyeitwa shaurini.

Kyalo alifungua tangi la petroli akaliweka mbali, akachomoa nyaya za betri, kisha yeye na Nyongesa wakailaza pikipiki ubavu. Akaweka nati mpya juu ya ile boliti na kuichomelea humo ndani. Cheche zikaruka, chuma kikashikana na chuma. Kilipopoa kidogo, wakaiinua pikipiki, wakasukuma karai chini yake, na Kyalo akamnyoshea mzee spana.

"Fungua, fundi."

Patrobas aliipokea, akaiongoza kwa kidole mpaka ikakaa barabara. Akavuta. Boliti ikalia mara moja, ikalegea. Oili ikamwagika, nyeusi na nzito. Nusu saa baadaye Nyongesa alikuwa njiani kuelekea Dandora, akiwa na boliti mpya na oili safi.

Wawili hao walibaki peke yao.

"Ulijuaje ni kazi yangu?"

Kyalo alitoa kopo la maziwa ya unga kutoka nyuma ya rafu na kulimimina juu ya meza. Boliti kumi na moja zikabingirika.

"Wateja wako, fundi. Tangu mwaka jana. Nilikuwa nazibadilisha, nawaambia wasikusumbue. Hii ya leo nilishindwa kuificha. Niliona huenda siku moja zikawa boliti za breki, mtu akafa."

Kutukanwa, mzee angekuvumilia; lakini kuhurumiwa, mwaka mzima, nyuma ya mgongo wake! "Nilikufundisha kuficha mimi? Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Patrobas aliketi juu ya kigoda. Barabara ilivuma nje. Kisha akanyosha mkono ulio mzima na kuanza kuziokota boliti moja moja, akizipapasa kwa kidole gumba bila kuzitazama, polepole, kama anayezihesabu dhambi zake mbele ya padri. Kila aliyoitambua aliitia mfukoni. Alipofika ya tisa alisimama, akaizungusha, akaizungusha tena, uso ukamkunjamana kwa ile hasira yake ya zamani.

"Hii siyo yangu," alisema. "Hii imeliwa na kutu."

Kyalo aliipokea, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kweli, fundi," alisema.

Mzee akanyosha mkono kuchukua ya kumi.