Kurasa Kumi na Sita za Katikati

Asubuhi ile mtoto alimfuata babu yake mpaka mlangoni, kitabu mkononi.

"Babu, huyu konokono yuko mara mbili."

"Mara mbili vipi?"

"Yuko hapa. Halafu ukienda mbele yuko tena huku, yeye na samaki wake na kila kitu. Ndiye mzuri kuliko wote, si ndiyo?"

Mzee alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Kiwandani walimwita Gundi, kwa kuwa miaka thelathini ya kushona na kugandisha vitabu ilimwachia kucha zisizotakata hata azisugue kwa jiwe. Hakuinua kichwa. "Wamemrudia kwa sababu wamempenda," alisema.

"Basi leo tukifika ufukweni nitakuokotea wewe huyohuyo."

"Niletee, mke wangu. Tangu bibi yako aondoke sijaona zawadi ya mtu."

Mtoto akacheka. Alikuwa na miaka minane, na nyumba nzima ilimwita Bibi Mdogo kwa vile alivyochukua uso wa marehemu, mpaka ile tabia ya kukunja pua akisoma. Akatia kitabu kwenye mkoba, akakimbilia shule, ambako gari la kulipeleka darasa lao ufukweni lilikuwa linangoja.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha watoto, habari za ufukweni: kaa, kasa, majani ya baharini, konokono wa kila rangi. Kilikuwa bado kuingia mashuleni. Gundi alimshonea mjukuu wake nakala hiyo kwa karatasi zilizoharibika, zile zilizopinda mashineni zikakatwa kombo na kutupwa kwenye kapu la taka. Kuchukua karatasi za kapu kulikatazwa. Kila kitu kilikatazwa pale, isipokuwa kuchoka. Kwa hiyo alikishona saa ya chakula cha mchana, koti limefunika meza, jicho moja kwenye sindano na jicho lingine mlangoni. Alijua rangi, alijua uzi. Kusoma alisoma silabi kwa silabi, maana shule aliiacha darasa la tatu.

Siku hiyo ya safari aliingia kazini saa mbili kama kawaida. Kazi yake haina siri. Karatasi moja kubwa ikikunjwa hutoa kurasa kumi na sita, na hilo huitwa fungu. Kitabu cha ufukweni kilikuwa na mafungu matatu, kila fungu na rundo lake mezani. Unachukua la kwanza, la pili, la tatu, unashona, unapaka gundi, unavika jalada. Mgongoni mwa kila fungu huchapwa alama nyeusi: la kwanza juu, la pili katikati, la tatu chini. Ukiyapanga sawa, alama zinashuka kama ngazi. Ngazi ikiruka kidato, kitabu kibovu.

Kutazama ngazi ilikuwa kazi ya mke wake. Miaka kumi na tisa walikaa meza moja. Yeye anakusanya, mkewe anakagua, halafu anazifyatua kurasa kwa kidole gumba mpaka upepo wake unampiga mumewe shavuni. Vumbi la karatasi na harufu ya gundi vikamwingia mkewe kifuani. Wakubwa waliahidi feni ya kutolea hewa. Mama wa watu alikohoa miezi minane, na feni ililetwa mwezi mmoja baada ya kumzika, ikafungwa ofisini kwa msimamizi. Nafasi yake haikujazwa. "Mzee una uzoefu," walimwambia, "utakagua mwenyewe." Na hesabu ya vitabu vya kutwa haikupunguzwa hata kimoja.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuna moyoni mnamo saa tatu, kama kila siku, pale fungu moja lilipomponyoka likaanguka sakafuni na kufunuka. Akainama kuliokota. Akaona mkono.

Ulikuwa mkono wa mtu, umechorwa mwekundu, umepigwa mstari katikati, ukurasa mzima. Gundi aliutazama. Kitabu cha mjukuu wake alikuwa amekifunua mara ngapi, mtoto akiwa mapajani? Mkono huu hakuwahi kuuona.

Akaweka kidole chini ya maandishi, akaanza kuyavuta. *U-si-wa-gu-se. Wa-fu-a-ta-o u-si-wa-gu-se ka-mwe.* Ukurasa wa thelathini na mbili, wa mwisho katika fungu la pili. Akachukua fungu la tatu, ukurasa wake wa kwanza: konokono yule, umbo la koni, rangi ya chungwa, madoa kama wavu. Chini yake herufi ndogo. *Ana mwiba kama sindano. Sumu yake huua mtu. Dawa yake haijapatikana.*

Yuko mara mbili, babu.

Alishika meza. Mara mbili, kwa kuwa alishona la kwanza, la tatu, na la tatu tena. Karatasi za kapuni zilikuwa zimekatwa kombo, alama za mgongoni na herufi ndogo za chini zimekwenda na maji, na yeye jicho lilikuwa mlangoni. Akalifunua fungu la kwanza mwishoni, ukurasa wa kumi na sita, ingawa alikwisha kujua. *Ukimwona mmoja wa hawa, mwokote taratibu, umweke kiganjani.* Kwenye kitabu kizima, hawa walikuwa konokono wadogo wa mchangani wasio na neno. Kwenye kitabu cha Bibi Mdogo hao hawakuwamo kabisa, na ukigeuza ukurasa unakutana uso kwa uso na yule wa chungwa.

Alikwenda ofisini bila kubisha hodi. Msimamizi alikuwa anakula maandazi chini ya feni.

"Bosi, naomba upige simu shuleni kwa mjukuu wangu. Namba yao sina, wewe una mtandao, itafute. Watoto wako ufukweni."

"Kuna nini?"

"Wataokota kitu chenye sumu."

"Umejuaje?"

Kusema amejuaje ni kusema kapu, koti na sindano. Msimamizi alimtazama huku akifuta mafuta vidoleni, mmoja mmoja.

"Mzee Gundi, kama unataka ruhusa, andika barua. Kila mtu hapa akiota ndoto mbaya aondoke, nani atabaki?"

"Barua kwako ni dawa ya kila kitu. Mke wangu alikuandikia tatu."

Akatoka. Nyuma yake alisikia habari ya kukatwa siku. Mama yake mtoto alifanya kazi ya kufua nguo hotelini, ambako simu zao hukusanywa mlangoni asubuhi kama za wafungwa, kwa hiyo hata kujaribu hakujaribu. Alisimamisha pikipiki.

"Ufukweni. Pale kwenye miamba."

"Mzee, unakwenda kuogelea na aproni?" kijana wa pikipiki alimtania, kisha akamwona uso, akakata kona.

Njia nzima Gundi alikuwa akihesabu. Gari limeondoka saa mbili. Nusu saa ya njiani. Kupanga mstari, kuimbishwa, kuambiwa msisukumane. Labda saa tatu kasoro wameingia majini. Sasa ni saa nne kasoro. Aliziona kucha za mtoto, ndogo, safi, zinakunja kitu. *Niletee, mke wangu.* Si yeye aliyemtuma? Alitafuta wa kumlaumu, na kwa kawaida hakuwakosa; walikuwapo wengi, na viti vyao na feni zao. Leo kila aliyemshika aliponyoka, akabaki na mkono wake mwenyewe umeshika sindano.

Maji yalikuwa yamekupwa, miamba imetoka nje, nyeusi, imejaa vidimbwi. Watoto wapatao arobaini walikuwa wametawanyika juu yake na makopo ya plastiki. Katikati yao mwalimu, kijana mwembamba aliyekunja suruali hadi magotini, alikuwa anasoma kwa sauti. Mkononi mwake Gundi aliona uzi wa buluu, uzi aliouchagua mwenyewe.

"'Mwokote taratibu, umweke kiganjani.' Haya, mmemwona huyu wa chungwa? Tazameni vizuri. Atakayempata wa kwanza..."

"Mwalimu, waambie waache."

Mwalimu aligeuka. "Shikamoo mzee. Waache nini?"

"Kitabu hicho kibovu. Kurasa za katikati hazimo. Huyo wa chungwa anaua."

"Hiki? Amenipa mwanafunzi wangu. Vya shule havijafika, ndiyo maana nikaazima. Babu yake anafanya kazi palepale kiwandani."

"Babu yake ni mimi. Nimekishona mimi, nimekikosea mimi. Waambie waache, mwanangu, nakuomba."

Mwalimu alitazama aproni, kucha, uso. Akapuliza filimbi, ndefu.

"Kila mtu atie kopo chini! Mikono kichwani! Asiyeweka mikono kichwani nitamwona!"

Miamba yote ikaota viwiko. Gundi alipita macho juu ya vichwa vile, kimoja baada ya kingine, akitafuta pua iliyokunjwa. Mwalimu alikuwa akiwahesabu watoto, midomo ikicheza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

"Bibi Mdogo yuko wapi?" Gundi aliuliza.

"Alikuwa hapa sasa hivi."

"Amekwenda kule nyuma," mtoto mmoja alisema, viwiko bado juu. "Amesema anatafuta zawadi ya babu yake."

Mwamba wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko mtu. Gundi aliuzunguka kwa mikono na magoti, maana viatu viliteleza. Alimkuta mtoto amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, ameshika pindo la sketi kwa mikono miwili, amelikunja mbele yake kama kikapu.

"Babu! Umekujaje? Nimekupatia zawadi yako."

"Usisogee."

"Yuko hai. Tazama, anatoa mdomo."

Aliutazama. Konokono alikuwa amelala ubavu kwenye kitambaa, na kwenye ncha yake nyembamba kitu kama mkonga kilikuwa kinajinyoosha, kinapapasa nyuzi za sketi. Upande wa pili wa nyuzi hizo kulikuwa na tumbo la mtoto.

"Nimekosa nini?" mtoto aliuliza.

"Hujakosa wewe. Sikiliza. Mimi nalishika pindo hapa, mbali na vidole vyako. Umeona? Sasa wewe achia. Mkono mmoja. Haya, na wa pili. Mikono kichwani, kama wenzako."

Akalivuta pindo mbele, mbali na mapaja, taratibu, mpaka likanyooka kama mteremko. Konokono akaviringika mara moja, akasita kwenye mshono, mkonga nje. Gundi akainua kitambaa kidogo tu. Kikasikika kitu kinatumbukia majini, si kikubwa kuliko kokoto, na kwa mkono ule mwingine akamnyakua mtoto kiunoni akamweka juu ya mwamba.

"Ulimshika kwa mkono?"

"Ndiyo. Taratibu, kama kitabu kilivyosema. Kwa huku kwenye unene."

"Amekuchoma? Kama sindano, kama mwiba?"

"Hapana."

Hakuamini. Alivikagua vidole kumi kimoja kimoja, mbele na nyuma, alivyozoea mkewe kukagua kurasa. Mwalimu alipofika walimkalisha kivulini nusu saa nzima, wakimwambia acheke, ahesabu, achezeshe midomo, wakimtazama kama ganzi inakuja. Mwishowe mtoto alisema ana njaa na kwamba wanamwudhi. Mwalimu akaenda nyuma ya gari, akakaa huko peke yake kidogo. Kopo moja walilimwaga kwa fimbo. Lilikuwa na wa chungwa mwingine.

Gundi alikuwa amepanda tena pikipiki, kitabu chenye uzi wa buluu kimebanwa kwapani, wakati hofu ilipomrudia, safari hii baridi zaidi. Vile vya shule vilishonwa meza ileile. Wiki ileile, kwa mikono ileile. Fungu la pili na la tatu yote yana rangi ya bahari, na yeye tangu abaki peke yake alikuwa na muda gani wa kutazama ngazi?

Saa saba msimamizi alimkuta stoo, katikati ya maboksi yaliyopasuliwa utepe.

"Nani amekuruhusu kufungua hayo? Gari la kupakia linafika saa kumi."

"Litangoja."

"Mzee, umekwisha kukatwa siku. Usinifanye nikukate mkate kabisa."

Gundi alimpa kitabu kimoja, kipya, kinanukia gundi. "Nimeiba karatasi za kapuni, nikamshonea mjukuu wangu kitabu kibovu. Kidogo kimuue leo. Andika hiyo kwenye barua yako. Sasa nitafutie humo mkono mwekundu."

"Mkono gani?"

"Ukurasa wa thelathini na mbili. Wewe ndiye unayejua kusoma."

Msimamizi alifunua kwa hasira, kisha polepole. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Akageuza. Thelathini na tatu. Akarudi nyuma, akalamba kidole, akageuza tena kama vile zilizokosekana zimegandana tu.

"Viko vingapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ofisini.

"Hicho ni cha nne. Nimemaliza maboksi sita."

Yalibaki themanini na moja. Gundi akachukua kitabu kingine, akatazama ngazi mgongoni, halafu akakifyatua kwa kidole gumba, na upepo wake ukampiga shavuni.