Hatua Arobaini na Tatu

Nilizihesabu wiki mbili baada ya mazishi, mchana, nikiwa nimevaa nguo za kiraia. Kutoka kwenye rundo la matofali nilipokuwa nimejibanza mpaka mlango wa nyuma wa duka la vipuri ni hatua arobaini na tatu za kutembea. Za kukimbia sikuzihesabu. Niliona aibu kukimbia mchana kweupe, na mwenye duka alikuwa ameshaanza kunitazama.

Naandika haya kwa sababu naanza kusahau. Juzi nilishindwa kukumbuka kama shemeji aliivaa kofia yake usiku ule au aliiacha garini. Na naandika kwa sababu dada yangu aliambiwa redio ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na kituoni alikuwa koplo wangu. Watu walimwita Koplo Pole. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi hakuwahi kumfunga mtu pingu bila kumpa pole. Mwizi wa kuku, pole. Jambazi la kutumia silaha, pole. "Pole ndugu yangu, inabana? Pole sana. Lete na mkono wa pili." Wenzetu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yeye alisema, "Pole haifungui pingu. Sasa nina hasara gani?"

Mimi ni kitinda mimba. Mama alifariki nikiwa darasa la tano, na dada ndiye aliyenilea, kwa hiyo shemeji aliponiingiza upolisi, dada alimpa masharti. Kila tulipokuwa tunatoka kwenda zamu ya usiku alisimama mlangoni na kitenge chake mabegani akamwambia:

"Umrudishe mdogo wangu mzima."

"Na nikimrudisha nusu?"

"Basi iwe nusu isiyokula."

Walikuwa na maneno hayohayo kila siku, na kila siku waliyacheka. Hakuna hata siku moja dada aliponiambia mimi nimrudishe yeye. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo.

Kulikuwa na genge lililovunja maduka matatu ndani ya miezi miwili. Duka la tatu walimuua mlinzi kwa mtaimbo, mtu wa makamo, wakamwacha kwenye kaunta kama mzigo uliosahauliwa. Halafu mtu mmoja akampigia simu Inspekta, hakutaja jina, akasema safari hii ni duka la vipuri, usiku wa leo. Tulikuwa wanne. Inspekta na dereva walikaa ndani ya gari kwenye kituo cha mafuta, mbali kidogo, ili gari lisionekane. Mimi na shemeji tulikwenda kwa miguu. Ghala la silaha lilikuwa na bunduki mbili tu za kuaminika. Moja ilibaki na Inspekta, na moja ikawa yetu sisi wawili.

"Chukua wewe," shemeji aliniambia.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Ndiyo maana nakuamrisha. Hawa watu huja na gari, na gari litasimama mbele. Huko nyuma mimi nina panya tu. Panya nitampa pole."

Ndani ya duka kulikuwa na mlinzi, mzee mwembamba mwenye kikohozi. Inspekta hakutaka aondolewe, kwa sababu genge lingekuta hayupo lingejua kuna mtego. Mzee alikubali, lakini kwa shingo upande. Shemeji alikaa naye dakika chache kwenye mlango wa nyuma kabla hatujajificha. Nilimsikia akimwambia, "Mzee wangu, mimi niko hapahapa nje ya mlango huu. Ukipiga kelele, nimeshaingia." Akampa mkono. Mzee aliushika muda mrefu.

Kila mmoja wetu alikuwa na redio ya mkononi. Kwenye lindo yeye alikuwa Namba Moja, mimi Namba Mbili. Alikuwa na utaratibu wake wa zamani: kila nusu saa alibonyeza kitufe mara mbili bila kusema neno, redio yangu ikatoa sauti mbili fupi kama kwikwi ya mtoto, nami nikajibu mara mbili. Maana yake, niko macho. Alisema amewazika askari wengi waliouawa na usingizi.

Mbele ya duka, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na nyumba isiyokwisha kujengwa. Nilikaa nyuma ya matofali, bunduki mapajani. Saa sita, kwikwi mbili, nikajibu. Sita na nusu. Saa saba. Saba na nusu. Mtu hajui upweke mpaka akae macho mahali ambapo kila dirisha limezimwa taa na watu wote wamelala na watu wao. Nilikuwa nazisubiri zile kwikwi kama mtoto anavyosubiri mzazi arudi sokoni.

Saa nane ilipopita kidogo, alikuja mtu anapiga mluzi. Akasimama palepale kwenye ukuta wangu, akafungua zipu, akaanza kukojoa. Ningenyoosha mkono ningemshika kisigino. Redio ikakoroma kifuani kwangu, kidogo tu, Inspekta alikuwa anajaribu mawasiliano. Yule mtu akanyamaza mluzi. Nikakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, chini kabisa. Tukakaa hivyo, yeye anasikiliza, mimi sipumui. Mwishowe akafunga zipu, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa mlevi au macho ya genge.

Nilikusudia kuirudisha sauti. Nilisema moyoni, ngoja apotee kwanza kwenye kona. Akapotea. Nami nikawa nimeshika bunduki kwa mikono miwili, nimekodolea macho mlango wa mbele, nasubiri gari.

Saa nane na nusu ilipita bila kwikwi. Nililiona hilo. Nilitazama saa, nikacheka peke yangu gizani. Nikasema, leo shemeji kalala, kesho nitamwambia dada, na atanikoma. Nilikuwa nimeshayapanga na maneno ya kumtania.

Halafu nikasikia mlio wa risasi. Mmoja tu. Ulikuwa mdogo, kwa sababu nyuma ya duka kuna kiwanda cha barafu na mashine yake hunguruma usiku kucha. Nikakimbia. Nilipozunguka kona niliona vivuli vitatu vinaruka ukuta wa kiwanda. Nilifyatua, nikampata mmoja mguuni, wale wawili walikamatwa baada ya siku nne. Watu hunisifu kwa risasi hiyo.

Shemeji alikuwa amelala chali ndani ya mlango uliovunjwa. Tochi yake bado ilikuwa inawaka, imebingirika chini ya rafu, inamulika vyuma. Rungu lilikuwa mkononi. Nilimwita Koplo, nikamwita shemeji, nikamwita kwa jina ambalo dada humwita nyumbani na ambalo sikuwahi kulitamka mbele yake. Mzee mlinzi alikuwa kwenye kona, mkono umevunjika, anasema tu, "Aliingia. Aliingia kweli."

Gari lilikuja kwa kuchelewa. Dereva alikuwa amelizima ili kuokoa mafuta, nalo likagoma kuwaka mpaka wakalisukuma. Inspekta alipiga magoti upande wa pili wa shemeji, akamshika shingo, akauondoa mkono. Kisha akanigeukia, akaichomoa redio kifuani kwangu. Akaitazama. Akazungusha kitufe, na sauti ya mwanamke ikalipuka humo dukani:

"Namba Mbili, Namba Mbili, unanisikia? Namba Mbili, Mungu wangu, jibu!"

Inspekta aliizima.

"Redio hii ni mbovu," alisema taratibu. "Umenielewa? Ni mbovu tangu jana."

Sikujibu. Kutokujibu ndiyo ikawa jibu langu, na ikaandikwa kwenye taarifa, na ikasomwa makaburini.

Dada alivaa kaniki, akapokea watu, akakaa matanga. Siku ya arobaini nilikuwa namsaidia kukunja mikeka, akasema bila kuniangalia, "Unajua kinachoniua mimi? Si risasi. Risasi ni kazi yake. Kinachoniua ni kwamba alikufa anaongea na chuma. Anaita, anaita, na hakuna aliyemsikia. Mtu aliyeongea maisha yake yote."

Nilikunja mkeka ule mara mbili.

Kesho yake nilikwenda chumba cha redio. Mwanamke wa zamu ya usiku pale tunamwita Mama Mawimbi. Kazi yake ni kuandika kila wito na saa yake. Alijua nilichofuata. Hakuniambia karibu. Alifungua daftari, akaligeuza upande wangu, akaenda kusimama dirishani amenipa mgongo.

*Saa 8:30. Na. 1 abonyeza mara mbili. Hakuna jibu.*

*Saa 8:41. Na. 1: Namba Mbili, njoo nyuma na bunduki. Wako watatu, wamevunja mlango. Hakuna jibu.*

*Saa 8:42. Na. 1 arudia. Hakuna jibu.*

*Saa 8:43. Gari kwa Na. 1: Tunakuja, usiingie.*

*Saa 8:44. Na. 1: Wanampiga mzee. Nilimpa ahadi.*

*Saa 8:45. Na. 1: Kijana amechoka tu, msimgombeze. Naingia.*

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Alidhani nimelala. Wakati uleule, ng'ambo ya duka lilelile, mimi nilikuwa namcheka yeye kwa kulala.

"Alisema na 'poleni'," Mama Mawimbi alisema, bado anatazama nje. "Mwisho kabisa. Sikuliandika. Niliona si la kikazi."

"Alimwambia nani?"

"Sisi sote, nadhani."

Kutoka hapo nilikwenda kwa mzee mlinzi. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa. Alinieleza jambo ambalo halimo kwenye taarifa yoyote. Alisema shemeji hakuingia kama mtu mmoja. Alipiga teke mlango, akawasha tochi, akaanza kutoa amri kwa sauti kubwa, kana kwamba ana kikosi kizima nyuma yake. "Namba Tatu, ziba mlango! Namba Nne, juu ya bati! Namba Mbili, zunguka kulia!"

"Waliniacha," mzee alisema. "Waliamini. Mmoja alitupa mtaimbo. Yule mwenye bastola ndiye aliyetazama kulia, akaona hakuna mtu." Akakohoa. "Samahani, mwanangu. Namba Mbili ndiye nani?"

Nilimwambia ni mimi. Alinipigia magoti kunishukuru, kana kwamba kweli nilikuwepo, na sikuweza kumnyanyua.

Nilimwambia dada Jumapili. Alikuwa anapiga pasi sare za shule za watoto. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yakayeyuka yote. Nilisema tu, "Dada, redio ilikuwa nzima. Niliizima sauti, nikasahau kuirudisha."

Pasi ilisimama juu ya kola. Alininyooshea mkono mwingine, kama kusema ngoja, halafu akaushusha.

"Aliita?"

"Aliita. Mama Mawimbi alimsikia, Inspekta alimsikia, dereva alimsikia. Walimjibu. Hakuongea na chuma, dada. Ni mimi peke yangu sikumsikia."

"Alisemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno, kama lilivyo daftarini. Nilipofika kwenye "msimgombeze" alikaa chini. Nilipomwambia na lile neno ambalo halikuandikwa, alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. "Hata usiku ule," alisema. "Hata usiku ule, jamani." Kisha akalia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi. Harufu ya nguo kuungua ikajaa chumba. Niliinua pasi. Kola ilikuwa imebaki na alama ya kahawia.

Nilikaa sakafuni karibu yake. Baada ya muda mrefu alijifuta uso kwa ile sare.

"Inspekta alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ulikula chakula changu siku arobaini."

"Ndiyo, dada."

"Nenda kwako," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwambia mgonjwa akapumzike. "Mimi sijui kama nitakugombeza. Yeye amesema msimgombeze, na mimi sijawahi kumkatalia neno. Lakini nenda kwanza. Nikiweza kukuona, nitakupigia."

Jumatatu asubuhi nilimpelekea Inspekta karatasi ya maelezo, mwandiko wangu, habari ya kitufe na yote. Aliisoma amesimama. Alisema najimaliza mwenyewe. Alisema pia ataipeleka mbele, kwa sababu nimeisaini. Nimesimamishwa kazi, nasubiri kuitwa.

Kofia aliivaa. Nimeshakumbuka. Ilikuwa imeanguka chini ya rafu karibu na tochi, nami nilimrudishia kichwani kabla gari halijafika, nikaiweka pembe kidogo kama alivyopenda.

Ninaishi chumba kimoja. Kuta ni nyembamba, na jirani amenilalamikia mara mbili kuhusu simu yangu, kwamba ikiita usiku inaamsha mpaka watoto. Nimemwomba radhi, lakini sauti sijaipunguza. Nailaza simu juu ya sahani ya bati ili mlio uwe mkubwa zaidi. Huita watu wa mitandao, huita waliokosea namba, na kila mara mimi nimeshafika kabla ya mlio wa pili.

Dada hajapiga bado.